Kukodi DVD kwa posta kutoka Mtwara: ufungaji mzuri, hesabu ya siku mbovu

Duka hili la Mtwara mjini hukodisha DVD kwa wateja wa Masasi, Newala, Nachingwea na Liwale kwa njia ya posta. Unachagua kwa simu, unalipa kodi pamoja na amana inayolingana na bei ya DVD mpya, kisha bahasha inakufuata kwenye S.L.P. yako. Bahasha moja hubeba DVD tatu, muda ni siku saba.

Ufungaji wao ni wa kusifiwa. Hawatumi kava gumu la plastiki, na hapo wako sahihi kabisa. DVD yenyewe ina gramu 16 hivi na unene wa milimita 1.2, kava ni zito mara kadhaa kuliko kilichomo. Tena yale meno madogo ya katikati yanayoishika DVD ndiyo adui: bahasha ikitupwa jino linakatika, kisha linasafiri humo ndani likichora DVD mpaka mwisho wa safari. Duka linaweka kila DVD kwenye mfuko laini, halafu zote zinabanwa kati ya vipande viwili vya boksi, sentimita 14 kwa 14. Mistari ya boksi moja imelala, ya jingine imesimama, ndiyo maana bahasha haikunjiki upande wowote. Selotepu inazunguka maboksi tu.

Kilicho bora zaidi ni jinsi bahasha ilivyo ndefu kuliko boksi. DVD zimesukumwa upande mmoja, stempu zimebandikwa upande mwingine ambako chini yake hakuna kitu. Mhuri wa mkono ukigongwa juu ya tundu la DVD, ufa mdogo huanzia pale pale tunduni. Mwanzoni hauonekani, lakini kila deki inapoizungusha ufa unasogea kuelekea nje, mpaka siku DVD inapopasuka ndani ya deki ya mtu.

Netflix walituma DVD kwa posta huko Marekani tangu Aprili 1998 hadi 29 Septemba 2023, nao walitumia bahasha nyembamba ya karatasi bila boksi. Shida yao ilikuwa mashine za kupanga barua: ukaguzi wa posta ya huko wa mwaka 2007 ulieleza kwamba bahasha nyingi za kurudishia zilikuwa zikikwama, zikalazimu kupangwa kwa mkono. Kwetu mzigo hupita mikononi mwa watu, unagongwa mhuri, unalaliwa na magunia mengine. Bahasha ile nyembamba haifai huku.

Omba itumwe kwa rejesta, hata kama duka halikukuuliza. Barua ya kawaida ni nafuu na inaingia moja kwa moja sandukuni, ila ikipotea huna pa kuanzia, na anayepoteza amana ni wewe. Ya rejesta utakuta karatasi ya taarifa sandukuni, uende nayo kaunta saa za kazi ukiwa na kitambulisho. Waambie wakutumie namba ya rejesta kwa meseji siku hiyo hiyo.

Sasa hesabu ya siku. Duka linahesabu siku saba tangu siku wanayopeleka bahasha posta. Kwa mtu wa Masasi, aliye kwenye lami, si mbaya sana. Kwa mtu wa Liwale wakati wa masika ni dhuluma: njia ikiharibika, faini inaanza kabla hajaweka DVD kwenye deki. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, kila mtu aliona jinsi mzigo unavyoweza kulala njiani bila kosa la mpokeaji. Haki ni kuhesabu tangu siku mteja aliposaini kaunta hadi tarehe iliyo kwenye risiti ya kurudishia. Tarehe zote mbili zimeandikwa, hakuna wa kubishana nazo.

Mzigo ukifika, geuza DVD juani kwa sekunde chache tu. Ya kiwandani chini kwa kawaida ni ya rangi ya fedha. Iliyochomwa kwenye kompyuta mara nyingi ina rangi ya zambarau, na hiyo ikiachwa juani inakufa. Duka linachanganya zote mbili kwa bei moja, jambo lisilofaa. Ikigandaganda, ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kutoka tunduni kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo unafuata njia ya data na deki inashindwa kuuruka.

Kurudisha, tumia maboksi yale yale, ila piga picha upande wa chini wa kila DVD kabla ya kufunga. Amana hurudi kwa simu baada ya wao kukagua, na mkwaruzo wowote usio na picha utahesabiwa wako.