TAHADHARI: jamaa wa mito ya jeli, Kisumu

Wadau nimenyamaza wiki mbili kwa aibu, leo acha niseme. Kuna jamaa anazunguka Kondele na Mamboleo na futi ya fundi shingoni, anauza mito ya kukalia ya viti vya magurudumu ati inazuia vidonda vya kukaa muda mrefu. Amekula elfu tisa na mia tano yangu mchana kweupe.

Na msiniambie nilikuwa mjinga. Huyu mtu alipiga magoti hapa sebuleni akanipima nyonga, akapima paja hadi nyuma ya goti, akaniuliza huwa najiinua kwa mikono kila baada ya dakika ngapi. Mchuuzi gani huuliza hivyo? Akatoa mto wa sampuli, nikakaa, akapitisha kiganja chini ya mfupa wa kalio akasema "unaona, bado kuna nafasi ya vidole viwili, hujagusa chini". Ile ile kitu fizio, yule wa mazoezi ya viungo, alinifundisha wodini! Mamangu akamletea chai na mkate, akaiombea biashara yake. Nikatuma pesa yote M-Pesa, nyingine ya mkopo wa Fuliza, maana kidonda changu cha kwanza cha kukaa kilinilaza kifudifudi miezi minne, ningeanza aje kubishana bei.

Mto wangu ukaja na boda siku tatu baadaye, umefungwa nailoni, mzito vizuri. Siku ya tano jioni dada yangu akanimulika na simu akaona doa jekundu, akabonyeza, halikufifia, yaani kidonda kinaanza. Mimi sisikii kitu huko, hiyo ndiyo shida. Tukapasua mto kwa wembe maana zipu ilikuwa imeshonwa. Ndani ni vipande vya sponji ya godoro kuukuu, kimoja bado kina kitambaa cha maua, na juu yake paketi mbili za nailoni zimejazwa jeli ya nywele. Ile ya kijani! Nyumba nzima ikanuka saluni. Paketi moja ilikuwa imepasuka, jeli imekimbilia pembeni, kumbe siku hizo zote mfupa umekalia turubai ya kiti.

Simu hapatikani. Mwizi wa kuku Kondele hukimbizwa na mtaa mzima na huyu anayeuzia watu vidonda anatembea tu? Akishikwa, kabla ya kufika polisi, akalishwe kwenye huo mto kutoka asubuhi hadi usiku bila kujiinua hata mara moja, na jua la Kisumu likiwaka.

Mkiniuliza dalili za mto feki, sawa: hiyo zipu iliyoshonwa. Kava nayo ni ile ngozi ya plastiki ya viti vya matatu, haivutiki, inakuning'iniza juu badala uzame kidogo, na jasho linabaki hapo hapo. Na hakuleta mto wangu mwenyewe nikaukalia akiwepo. Ile sampuli ilikuwa mto wa kweli kabisa, sijui aliutoa kwa mgonjwa gani.

Sasa niko kitandani kwa ubavu, naandika na mkono mmoja. Mwenye amemwona wiki hii aniambie ni stage gani, dada yangu ako tayari na ile paketi iliyobaki.