Rimu za waya na raba za ekseli kwenye MGB GT yangu: uzoefu wa miezi minane

Nilipofungua maboksi manne pale uani, jirani yangu alisimama mlangoni akaniuliza kama nimeagiza baiskeli mbili. Sikumlaumu. Ukiziona rimu za waya chini, bila tairi, hutaamini kwamba zitabeba gari.

Gari lenyewe ni MGB GT ya 1972, gari dogo la michezo la kampuni ya MG, mtoto wa kiwanda cha Abingdon, Uingereza. Nililinunua hapa hapa Mombasa kwa mzee mmoja wa Nyali aliyechoka kuliona limelala chini ya mwembe. Lilikuja na rimu za chuma za Rostyle, zile za nati nne. Rimu nzuri tu, hazina lawama. Lakini tangu udogoni MG kwangu ni spoki, basi nikajikusanya nikaagiza mtandaoni kutoka Uingereza: rimu nne za inchi 14 kwa 4.5, spoki 60 kila moja, za kromu; haba nne zenye meno, yaani vitovu vinavyoshika rimu, za kufungia juu ya boliti za zamani; nati nne za masikio mawili, moja ya katikati ya kila gurudumu; na nyundo ya shaba ya kugongea hayo masikio.

Nianze na kosa la muuzaji, nilitoe moyoni. Nati za masikio za MGB ziko za aina mbili: gari za mwanzo zina nyuzi (ile mikato ya skrubu) 12 kwa inchi, za baadaye nyuzi 8. Haba nilizoletewa ni za nyuzi 8. Nati mbili kati ya nne zilikuwa za 12. Nati kama hiyo inashika nusu mzunguko halafu inagoma, na fundi asiye na subira ataisukuma kwa spana ndefu mpaka aue haba. Nikapiga picha, nikazirudisha, nikangoja wiki tano. Walibadilisha bila ubishi, lakini nauli ya kurudisha nilitoa mimi.

Kufunga kulifanyika kwa fundi wangu Changamwe. Hapa kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo ililitaja kwa mstari mmoja tu. Haba hizi zinakaa juu ya zile boliti nne za asili na kukazwa kwa nati zake. Boliti ikichomoza kupita nati, mgongo wa rimu unagusa ncha ya boliti kabla haujakaa kwenye koni yake, yaani ile sehemu ya haba iliyochongoka. Ukitazama kwa nje kila kitu kimekaza. Ukishika gurudumu juu na kulitikisa, linacheza kidogo sana, kama jino la mtoto. Fundi alisema, "Hii ni beringi, mzee." Nikamwambia tupake grisi nyembamba kwenye koni, tuvalishe rimu, tuitoe tena. Grisi ilikuwa haijaguswa. Tukazikata boliti zikawa sawasawa na nati, tukatia gundi ya nyuzi, tukakaza tena. Mara ya pili grisi ikaacha alama mviringo mzima. Bila kipimo hicho nisingelala.

Upande wa kulia wa gari nyuzi ni za kushoto, na upande wa kushoto ni za kulia. Njia rahisi ya kukumbuka: unafungua kwa kuizungusha nati kuelekea ambako gurudumu huzungukia gari likienda mbele, unafunga kinyume chake. Ukibadilishana haba za pande mbili, gurudumu litajifungua lenyewe barabarani. Nilikagua mara mbili, fundi akanicheka, nikakagua ya tatu. Na yale meno ya ndani yapakwe grisi kila rimu inapotoka, la sivyo yanalika, na utaanza kusikia "kwa!" kila unapoondoka na kila unapokanyaga breki.

Sasa spoki. Ulimi wa mtu yeyote mwenye gari la namna hii utakwambia gonga spoki usikilize. Mimi sikio langu ni la redio tu. Nikamchukua mzee mmoja fundi baiskeli wa Majengo, nikamwonyesha. Alichuchumaa, akatoa spana ndogo mfukoni, akazigonga moja moja kama anayepiga matwari. Zilizokaza zinalia, zilizolegea zinasema "pu". Kwenye rimu nne mpya kabisa alipata kumi na moja zilizolegea, saba kati yake kwenye rimu moja. Akazikaza, akaizungusha rimu mbele ya kipande cha chaki mpaka ikaacha kuyumba. Aliponiuliza bei ya rimu moja nikamdanganya kidogo, kwa heshima yake. Halafu nikamwambia kwamba gurudumu hili la nati moja katikati asili yake ni kwa watu wa baiskeli, Rudge-Whitworth wa Coventry. Akaitikia, "Ndiyo maana lina akili."

Tairi nilitaka 165/80 R14. Duka la kwanza walinipa za vigari vya mizigo, kipimo kile kile lakini ngumu kama ubao, nikakataa. Ndani lazima tyubu, kwa sababu hewa hutoka kwenye mashimo ya spoki, na mkanda wa raba ufunike vichwa vya spoki visitoboe tyubu. Kusawazisha magurudumu ndiko kulikonichosha zaidi. Mashine za kawaida hushika tundu la katikati kwa koni moja, na rimu ya waya inataka kushikwa pande zote mbili pale inapokaa kwenye haba. Walisawazisha, nikaenda, usukani ukatetemeka kuanzia kilomita 80. Ikabidi fundi wa kukereza vyuma anikerezee koni mbili za aluminiamu. Tangu hapo usukani umetulia, na koni zangu natembea nazo.

Hadi hapo ningetoa nyota nne. Gari likaonekana, watu wa tuktuk wakapiga honi. Wiki ya pili nikawapakia shemeji yangu na mizigo yake kwenda Mtwapa, na kwenye tuta la kwanza nikasikia tairi la nyuma kushoto linakwaruza bodi. Tuta la pili, tena. Nilipofika nikapapasa ukingo wa bodi: rangi imekwanguka, na begani mwa tairi kuna mstari.

Sababu ni mbili. Ekseli ya MGB iliyotoka kiwandani na rimu za chuma ni pana kuliko ile iliyotoka na rimu za waya, kwa hiyo ukiongeza haba za kufungia juu, gurudumu linasogea nje kuelekea bodi. Hilo nilikuwa nalijua, nikajifanya silijui. Sababu ya pili sikuijua mpaka tulipoingia chini. Juu ya ekseli, kila upande, kunatakiwa raba nene iliyopachikwa kwenye kibati chini ya chesisi; springi ikibanwa hadi mwisho, ekseli inagonga raba badala ya chuma. Kulia raba yangu ilikuwa imepasuka katikati kama embe bovu. Kushoto hakukuwa na raba kabisa, kibati kitupu chenye kutu. Miaka yote hiyo ekseli imekuwa ikipanda inavyotaka, na rimu za Rostyle zilikuwa zinanifichia siri.

Raba mpya mbili bei yake haikufika bei ya tyubu nne. Kuzivalisha ni kazi ya mikono. Raba ina mdomo unaotakiwa kuingia juu ya ukingo wa kibati, na ikiwa kavu haiingii hata ukiilaani. Tulikwangua kutu, tukapaka rangi, tukaziloweka raba kwenye maji ya moto, tukapaka sabuni ya vyombo, fundi akasukuma upande mmoja na mimi nikabana mwingine kwa koleo kubwa. Dakika arobaini, na ngozi ya kidole changu kimoja. Tulipokuwa huko tukabadilisha pia mikanda ya raba inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi, maana ya zamani ilikuwa nyuzi tupu, na tukaongeza mafuta kwenye shokabsoba, ambazo kwenye MGB ni zile zenye mkono wa chuma, si za bomba.

Matokeo? Nikiwa peke yangu, au tukiwa wawili, hakuna mkwaruzo tena hata kidogo. Nikipakia nyuma, tuta likiwa kali nasikia "gub" nzito ya raba, kisha kimya. Nilipima nafasi kati ya raba na ekseli: kulia vidole vitatu, kushoto viwili. Yaani springi zangu za bapa zimechoka, na raba inafanya kazi ya ziada.

Kwa hiyo nyota tano ni za raba. Rimu nazipa tatu na nusu: uzuri wake hauna ubishi, ila mtu akizitaka na ana uwezo atafute ekseli yenyewe ya rimu za waya, asipite njia yangu ya mkato. Na aagize rimu ya tano. Mimi nilisahau, na gurudumu langu la akiba la Rostyle haliwezi kufungwa bila kwanza kung'oa haba, kazi ambayo sitaki kuifanya kando ya barabara ya Malindi usiku. Kromu nayo na upepo wa bahari hazipatani. Mwezi wa sita tangu kuzifunga, vitone vya kutu vilianza shingoni mwa spoki, na sasa naziosha kwa maji baridi kila Jumapili na kuzipangusa kwa kitambaa chenye mafuta.

Mzee wa Majengo hupita kila baada ya miezi mitatu. Mara ya mwisho alipata spoki mbili tu. Springi nimeshaagiza, na safari hii nimemwomba muuzaji mwingine anipigie picha kila kipande kabla ya kufunga boksi.