Seti ya faro niliyoagiza mtandaoni: gemu tamu, kijitabu hovyo

Wapenzi wa karata wa Dodoma, nimenunua seti ya faro mtandaoni, elfu 85 na nauli ya mzigo juu, nikaipokea pale stendi Nanenane kona moja ya boksi imebonyea. Faro ni gemu la kubeti la kizamani, lilitoka Ufaransa likaja kuvuma Marekani karne ya 19, wale kina Wyatt Earp na Doc Holliday unaowasikia kwenye habari za bastola walikuwa wanagawa faro.

Kitambaa kizuri sana, kijani, kimechorwa karata 13 za shupaza kuanzia ree mpaka mfalme. Kete safi. Shida inaanza kwenye kijitabu, kurasa nne za Kiingereza ambacho hata aliyekiandika sidhani kama alikielewa.

Ngoja niwaeleze maana kijitabu hakitawaeleza. Mmoja anakuwa benki, wengine mnaweka kete juu ya namba mnayoitaka, alama haijalishi, nane ni nane tu. Benki anachanganya karata 52, anaziweka kwenye kisanduku, ya kwanza inatupwa haina kazi. Baada ya hapo anatoa mbili mbili: ya kwanza ni ya benki, uliyeweka kwenye namba hiyo umeliwa, ya pili ni ya wachezaji, aliyeiwekea analipwa sawa na alichoweka. Namba yako isipotoka kete zinakaa palepale au unahama. Ukitaka kubeti kwamba namba italiwa unaweka kisahani cha shaba juu ya kete zako (vilitakiwa sita, mimi nimeletewa vinne, tukajazia na sarafu za mia).

Sasa jumamosi tunacheza nyumbani kwa karanga, mi ndo benki, saa nzima sipandi sishuki nikawa najiuliza hawa wenye mabenki walikuwa wanakula nini. Kumbe karata zote mbili zikitoka namba moja, tuseme saba na saba, benki anachukua nusu ya kilichowekwa kwenye saba, hiyo ndo riziki yake karibu yote na kijitabu hakijaigusa kabisa! Nimekuja kuipata kwa kusoma kwingine usiku wa manane. Ndo maana faida ya benki mwaminifu ilikuwa ndogo na wengi wakaishia kuchakachua visanduku.

Alafu kuna fremu ya shanga, mistari 13, kila mmoja shanga nne, karata ikitoka unasogeza moja ili watu wajue kilichobaki. Hii ndo roho ya gemu aisee, maana namba ikibakiza karata moja haiwezi kutoka pea, kwa hiyo hapo benki hana ujanja wowote juu yako. Yangu mstari wa malkia umekuja na shanga tatu. Hatukuona. Zikasogezwa zote tatu, tukamwambia shemeji aondoe karanga zake malkia ameisha, akagoma, "shemeji mi nimehesabu, bado mmoja", tukamcheka. Kufika mwisho fremu inasema zimebaki karata mbili, natingisha kisanduku ziko tatu.

Zikibaki tatu unaruhusiwa kutaja zitatoka kwa mpangilio gani, ukipatia unalipwa mara nne, japo mipangilio iko sita kwahiyo haki ilikuwa mara tano, hapo pia benki anajipenyezea. Shemeji akaweka karanga 20, akasema tisa, mbili, malkia. Zikatoka hivohivo.

Muuzaji nimemwandikia mara mbili kuhusu visahani na shanga, kimya, shanga nimetafuta mwenyewe Majengo. Kitambaa nampa tano, kijitabu sifuri, kwa jumla tatu. Na karanga 80 za shemeji sijalipa mpaka leo, watoto walishakula benki yote.