Kipima oksijeni cha kidoleni: nimekaa nacho siku 9 kwenye mita 3,700

Kwa mnaouliza kama hiki kidude cha kubana kidoleni kina maana ukienda kukaa sehemu za juu, jibu langu ni kibebe, ila usikiamini kuliko mwili wako.

Siku ya kwanza jioni nimekibana, taa nyekundu inawaka chini ya ukucha, namba zikachezacheza weee mpaka zikatulia 84, yaani asilimia ya oksijeni kwenye damu, mapigo ya moyo 108 kwa dakika, na hapo nimekaa tu kitandani sijabeba kitu. Nilishtuka jamani, maana huku chini huwa nasoma 97 au 98. Kumbe kule juu hewa bado ina oksijeni asilimia 21 ile ile, shida ni presha ya hewa imeshuka kwa hiyo kila ukivuta pumzi unaambulia kidogo. Mwili haukai kizembe, palepale unahema zaidi na moyo unakimbia, halafu kwa kuwa kuhema sana kunafanya damu ipungukiwe asidi, figo nazo zinaanza kumwaga baikaboneti (kemikali inayopunguza asidi kwenye damu) kwenye mkojo kuweka mambo sawa, ndo maana usiku unaamka kukojoa kila saa. Siku ya tano nikasoma 90, mapigo 82, na sijameza dawa yoyote! Hapo chembe nyekundu mpya za damu za kubeba oksijeni bado kabisa, hizo zinataka wiki kadhaa.

Sasa kasoro zake. Kidole kikiwa cha baridi kinadanganya vibaya, asubuhi moja kilinipa 71, nikaweka mkono kwapani dakika chache nikapima tena, 87. Rangi ya kucha pia futa kwanza. Na hili ndo limeniuma, kijitabu chake hakijasema popote kwamba kwa sisi wenye ngozi nyeusi hivi vipimo vinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, wakati imeshapimwa kwa wagonjwa na kuonekana.

Usiku wa pili mimi nilisoma 86 kichwa kinapasuka na natapika, mwenzangu 83 kalala fofofo. Kwa hiyo ukianza kuyumba ukitembea au unahema ukiwa umekaa tu, shuka, hata kama skrini inasema 90. Mimi nilibaki nikitumia kwa kulinganisha tu, kila asubuhi kabla sijatoka kitandani, mkono ukiwa na joto, kidole kile kile.