Kodak 250D na 500T dhidi ya digitali: mkanda mmoja nunua, mwingine acha

Wadau, naona vijana wa video za muziki wanaulizana kila siku kama kushuti kwa mkanda wa Kodak kuna maana yoyote siku hizi au ni mbwembwe za wenye hela tu. Mimi nimeshika yote mawili, Vision3 250D na 500T za milimita 16, na upande wa digitali nimekaa sana na ARRI Alexa ile ya mwanzo, ya 2010. Jibu langu fupi: 250D bado ni mali. 500T, ambayo ndo inasifiwa kuliko zote, kwa kazi zetu za huku sioni sababu yake.

Kwa asiyejua, ile namba inakwambia mkanda una wepesi gani wa kunasa mwanga na herufi inakwambia mwanga wa aina gani, D ni wa jua, T ni wa taa za tangsteni, zile taa za moto zenye unjano. Ukitoa 500T juani bila filta namba 85, ile ya rangi ya chungwa, kila kitu kinatoka bluu, na ukiiweka filta inakula mwanga, kwa hiyo unapima mwanga kama vile umeshika mkanda wa 320. 500T hii ilitoka 2007, 250D ikafuata 2009. Fuji walikuwa wapinzani wa kweli ila mikanda ya kushutia sinema waliacha kutengeneza 2013, tangu hapo ukisema mkanda wa rangi wa sinema karibu wote tunamaanisha Kodak.

Sasa mchana. Chukua saa saba, jua la utosi, bwana harusi mweusi tii kavaa kanzu nyeupe kasimama mbele ya ukuta wa chokaa na nyuma kuna bati jipya linawaka. Hapo ndo mtihani wa kamera ulipo, sio zile chati wanazopima nazo studio. Kwenye digitali sensa, kile kinasa mwanga cha ndani ya kamera, ikishajaa imejaa, sehemu iliyoungua inabaki nyeupe tupu na hakuna programu itakayokurudishia nyuzi za darizi ya kanzu, kwa hiyo unalazimika kupima kwa kanzu na sura ya mtu inaachwa gizani, baadae ndo uinyanyue kwenye kompyuta. 250D inafanya kinyume chake. Unapima kwa sura, unampa mwanga wa kutosha, hata ukizidisha stopu mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili) kanzu inakwenda inafifia polepole na darizi bado unaiona. Yaani negativu haina ule ukuta wa ghafla, sehemu kali zinabanwa taratibu. Ndo maana wanaoshuti mkanda huwa wanaongeza mwanga makusudi na wa digitali wanapunguza, mtu akihama toka huku kwenda kule na mazoea yake anaharibu kazi siku ya kwanza tu.

Na hapa kwenye ngozi nyeusi lazima niseme kitu, maana watu wanaopenda mkanda huwa wanakiruka. Mikanda ya rangi ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yetu. Maabara zilikuwa zinapanga rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, wakiziita kadi za Shirley, na Godard, yule mwongozaji wa filamu wa Ufaransa, alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 70 aligoma kutumia Kodak akisema ina ubaguzi. Kilichokuja kuwasukuma Kodak kurekebisha rangi za kahawia, kwa maelezo ya watu waliofanya kazi hapohapo, ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na samani za mbao! Chokoleti jamani. Sasa Vision3 haina shida hiyo, rangi ya ngozi kwenye 250D naipenda kuliko kamera yoyote niliyoshika, weusi unakuwa na wekundu na unjano ndani yake, sio ule ukijivu. Ila anayekwambia mkanda siku zote umekuwa rafiki wa ngozi nyeusi hajui historia.

Tuje usiku, ambako 500T ndo inatakiwa iwe mfalme. Kwa 2007 ilikuwa hivyo kweli. Leo Alexa yenyewe imesimama kwenye 800 kama kawaida yake, kamera ya Sony Venice ina 500 na ukitaka unairukisha 2500 picha ikiwa bado safi. 500T ukiwaambia maabara waisukume stopu moja wakati wa kusafisha, yaani waiache kwenye dawa muda zaidi, unapata 1000 lakini chembechembe zinavimba, na kwenye milimita 16 vivuli vinakuwa kama uji, ngozi nyeusi gizani inapotelea humohumo. Mkanda una huruma juu, chini hauna. Halafu hiyo T yenyewe siku hizi ya nini, taa karibu zote ni LED na unazigeuza rangi utakavyo.

Kuna wanaosema wanataka 500T kwa ajili ya ule uduara mwekundu unaozunguka taa za barabarani. Hiyo mmeiona kwenye CineStill 800T, mkanda wa picha za mnato unaotokana na 500T ambayo imetolewa ile tabaka nyeusi ya nyuma inayozuia mwanga kurudi. 500T halisi yenye tabaka ya kuzuia mwanga haifanyi hivyo kiasi hicho, utaagiza utakuja kushangaa.

Gharama ndo zinaua. Roli la futi 400 la milimita 16 ni dakika 11 hivi kwa fremu 24 kwa sekunde, likiisha limeisha, na kusafisha ni kwa dawa za ECN-2 sio zile za studio za picha za mtaani, kwa hiyo sisi tunatuma nje na kusubiri. Uwanja wa ndege omba wakague kwa mkono maana zile skana mpya za CT za kukagulia mizigo zinachoma mkanda, na 500T inaungua haraka kuliko 250D kwa sababu ina wepesi zaidi. Na joto la Dar ulijue, roli likae friji, ukishashuti usilizungushe kwenye buti la gari wiki nzima. Mteja naye anataka aone picha palepale kwenye simu, utamwambia nini?

Haki isemwe, Alexa 35 ya 2022 ARRI wanasema inanasa stopu 17 toka kivuli hadi mwanga mkali, na nilichoona kwenye kazi za watu pengo la mchana limebaki dogo sana. Ukiipata hiyo kwa bei ya kueleweka chukua, sitabishana na wewe. Ila kama kamera uliyonayo ni hizi ndogo za kawaida na kazi ni ya jua kali, ufukweni, harusini, watu weusi na nguo nyeupe, agiza 250D roli mbili kwa zile shoti zenye uzito, zingine piga digitali, usiku wote piga digitali.