Simu kupitia Wi-Fi: nimeijaribu nyumbani kwa Mama, bondeni Maragoli

Hamjambo watazamaji wangu. Leo siko Kisumu mlikozoea kuniona. Niko Vihiga, nyumbani kwa Mama, na hapa nilipoketi ni sebuleni. Tazameni: ukuta wa mawe, dirisha la chuma, juu ni mabati. Na pale kando ya dirisha, mnauona ule msumari? Kwa miaka mingi simu ya Mama imekuwa ikining'inia pale, ndani ya kikapu kidogo. Ndipo mahali pekee katika nyumba hii pa kupata mtandao, vijiti viwili siku ikiwa njema. Ukimpigia, inabidi asikie mlio akiwa jikoni, aje mbio, asimame hapo na aongee hapo hapo. Akisogea hatua mbili kuelekea kitini, sauti inakatika.

Kuna usiku mmoja mwaka huu nilimpigia mara kumi na moja. Kila mara naambiwa hapatikani. Alikuwa amelala na homa, simu iko msumarini, na hata vile vijiti viwili havikuwepo. Nilijua hali yake asubuhi, jirani alipomkuta na kunipigia kutoka barabarani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafutia jambo hili dawa, na ninayowaonyesha leo nimeijaribu kwa wiki sita.

Inaitwa kupiga simu kupitia Wi-Fi. Wengi wenu mtasema, hiyo si WhatsApp tu? Hapana, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii. WhatsApp inataka wewe na unayempigia muwe na intaneti na muwe na programu ile ile. Mjomba wangu pale Chavakali ana kabambe ya vitufe, na hana mpango wa kuiacha. Kwa simu kupitia Wi-Fi, yeye anabonyeza namba ya Mama ile ile ya siku zote, kwa salio lake la kawaida, na simu inalia hapa ndani. Mjomba hajui chochote kuhusu Wi-Fi na hana haja ya kujua. Hospitali wakipiga, inalia. Chama wakipiga, inalia. Namba haibadiliki.

Sasa inafanyaje kazi? Simu yako, badala ya kutafuta mnara, inapitia ruta, kile kisanduku kinachotoa Wi-Fi, na kuchimba kama handaki lililofungwa kwa msimbo hadi kwenye lango la kampuni yako ya simu. Wahandisi huliita lango hilo ePDG. Pale kadi yako ya SIM inathibitishwa kwa siri iliyomo ndani yake yenyewe, kama vile mnara ungeithibitisha. Ikikubaliwa, kampuni inakuhesabu uko mtandaoni, na simu zako zote zinaletwa kupitia handaki hilo. Kwa hiyo anayekuuzia intaneti anaweza kuwa kampuni moja na laini yako iwe ya kampuni nyingine kabisa. Hakuna tatizo. Na mwenye ruta hawezi kusikiliza mazungumzo yako, maana yamefungwa tangu yanapotoka kwenye simu.

Si kitu cha juzi. T-Mobile ya Marekani ilianza kuuza huduma ya namna hii mwaka 2007, na iPhone zikaipata na iOS 8 mwaka 2014. Kwetu imefika polepole, na bado si kila laini wala kila simu inayo.

Hapo kwenye simu nataka mnisikilize vizuri. Simu kuwa na Wi-Fi hakutoshi. Programu ya ndani ya simu lazima iwe imebeba mipangilio ya kampuni yako ya simu. Simu ya kwanza ya Mama, ya bei nafuu, haikuwa na kitufe cha kuwasha huduma hii popote, nikatafuta mpaka nikachoka. Simu mbili za jina moja, moja ikiwa ya soko la hapa na nyingine imeletwa na ndugu kutoka ng'ambo, zinaweza kutofautiana: hii inacho, ile haina. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ukiwa bado dukani, weka laini yako ndani ya simu, fungua Mipangilio, ingia Mtandao na intaneti, kisha SIM, utafute maneno "Kupiga simu kupitia Wi-Fi". Usipoyaona, usimwamini muuzaji anayekuambia yatakuja baadaye. Kwenye iPhone, maneno hayo yamo ndani ya sehemu ya data ya simu. Na upigie huduma kwa wateja wa laini yako uwaulize kama wameifungua kwa namba yako.

Kuna jambo lingine lililonipotezea siku tatu. Nilikiwasha kitufe, nikaona kila kitu kiko sawa, na bado simu za Mama zikawa zinakatika. Kumbe chini ya kitufe hicho kuna chaguo la kipi kitangulie, Wi-Fi au mnara. Yake ilikuwa kwenye mnara. Sasa nyumba kama hii haina sufuri ya mtandao, ina kijiti kimoja kinachokuja na kuondoka, na simu iking'ang'ania hicho kijiti kimoja haiendi kwenye Wi-Fi. Nilipobadilisha ianze na Wi-Fi, mambo yakatulia siku hiyo hiyo. Kama wewe umewahi kuijaribu huduma hii ukaona haifai kitu, rudi uangalie hapo kwanza.

Haya, mtaniuliza, Wi-Fi yenyewe imetoka wapi huku bondeni? Twendeni nje. Mnaona yale mawe makubwa kule juu, yale yaliyokaa kama yamepangwa? Hayo ndiyo mawe ya Maragoli, na mnara uko ng'ambo yake. Mawimbi ya simu hayapenyi mwamba. Lakini fundi alisimamisha mlingoti huu hapa, akafunga antena juu yake, na kutoka pale juu 4G inashika vizuri. Waya unashuka hadi kwenye ruta sebuleni. Simu ya Mama haiwezi kupanda mlingotini, ila kwa njia ya Wi-Fi ni kama imepanda. Ninyi mlio mjini, pale Milimani au Tom Mboya, mkiwa na intaneti ya waya hamna haja ya mlingoti, na kuna nyumba nyingi tu za ghorofa Kisumu ambazo ukiingia chumba cha kati simu inakufa.

Na fundi akikufungia mlingoti, hakikisha ameuunganisha na ardhi. Huku kwetu mvua ya alasiri haiji bila radi. Mimi nimemwambia Mama, ukisikia ngurumo iko karibu, chomoa.

Turudi ndani tujaribu mbele yenu. Naweka simu hali ya ndegeni. Mnaona, vijiti vimezimika. Nawasha Wi-Fi peke yake. Ngoja... sekunde tano, sita... ile alama ya simu ndogo yenye mawimbi imetokea juu. Sasa nampigia Mjomba kwenye kabambe yake. Inalia. "Mjomba, shikamoo. Ndiyo, niko nyumbani kwa Mama. Unanisikia? Haya, nitakupigia baadaye." Mmesikia wenyewe, na simu bado iko hali ya ndegeni.

Sauti kwa kabambe ni ya kawaida, haiwezi kuzidi simu ya upande wa pili. Nikiongea na mtu mwenye simu janja inayokubali sauti pana, hapo tofauti ni kubwa: namsikia Mama anavyopumua, nasikia kuku nje. Kwa mtu aliye mbali na mama yake hilo si dogo.

Data inayoliwa ni kidogo kuliko mnavyodhani. Sauti yenyewe na vifungashio vyake vyote haifiki kilobiti 100 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo dakika nzima ya maongezi inazunguka megabaiti moja na haifiki mbili. Kasi kubwa ya intaneti haina maana sana hapa. Cha maana ni ucheleweshaji. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa hadi sikio, na ukipita hapo mnaanza kukatizana maneno. Hapa nimepima mara nyingi, kwenda na kurudi ni kati ya milisekunde 40 na 70. Ila Jumapili jioni, wajukuu wakiwa wote kwenye video, sauti ya Mama ilianza kukatika vipande vipande. Niliingia kwenye ruta nikaipa simu yake kipaumbele, ikaisha.

Malipo: laini yangu inahesabu simu hizi kama simu za kawaida, dakika zile zile za bando. Sikupata punguzo lolote. Anayewaambia simu kupitia Wi-Fi ni za bure hajasoma salio lake. Mimi sikuitafuta ili niokoe pesa, niliitafuta ili nimpate Mama.

Sasa udhaifu. Mama akiwa anaongea huku anatembea kuelekea shambani, Wi-Fi inamwacha karibu na ule mparachichi. Kama laini na simu vyote vina VoLTE, yaani sauti inayopita juu ya 4G, na kama 4G iko pale, mazungumzo yanaruka kutoka Wi-Fi kwenda mnarani bila kukatika. Barabarani nimeona ikifanya hivyo vizuri kabisa. Hapa bondeni hakuna 4G ya kurukia, kwa hiyo simu inakatika, nukta. Tumekubaliana akae kwanza amalize kuongea. Pia tumeweka ruta kwenye masafa ya gigahezi 2.4, kwa sababu yanapenya ukuta wa mawe vizuri kuliko yale ya gigahezi 5.

Udhaifu wa pili, huduma za kubonyeza nyota, za kuangalia salio na kutuma pesa bila intaneti, kwangu zilikataa simu ikiwa hali ya ndegeni. Mama sasa anatuma pesa kwa programu. Ujumbe mfupi ulikuwa unaingia vizuri.

Wa tatu ni Wi-Fi za watu. Nimeijaribu kwenye ofisi moja mjini Kisumu: intaneti ya kasi, lakini alama haikutokea hata kidogo. Handaki lile hupitia milango ya UDP namba 500 na 4500, na msimamizi wa mtandao akiifunga, huna la kufanya. Ukiwa na mtu wa kompyuta kazini kwako, mtajie namba hizo mbili tu, ataelewa.

Na wa nne naomba msiupuuze. Ukipiga 999 au 112 ukiwa kwenye Wi-Fi, hakuna mnara wa kuonyesha uko kijiji gani. Sema mahali ulipo kabla ya kusema kilichotokea. Nimemfundisha Mama hivyo: kijiji, shule iliyo karibu, kisha jambo lenyewe.

Lakini kubwa kuliko hayo yote ni stima. Siku ya nne tangu nifunge ruta, mvua ikaja, stima ikapotea saa kumi na mbili jioni. Ruta ikazima. Wi-Fi ikaenda nayo, na Mama akarudi msumarini. Nilikaa Kisumu na ile simu mkononi nikahisi nimemjengea mama yangu kitu kinachomkimbia usiku, wakati anaokihitaji zaidi. Jumamosi iliyofuata nilikuja na hii hapa, UPS ndogo ya ruta. Ni betri ndani ya kasha, inakaa kati ya chaja na ruta. Angalieni nyuma ya ruta yako imeandikwa volti ngapi. Hii yangu ni volti 12, nyingine ni 9, na ukikosea utaiunguza. Kama antena yako ya juu inatumia umeme wake, nayo iunganishe hapo, maana ruta ikiwaka na antena imezima ni kazi bure. Nimeipima mara tatu kwa kuzima swichi kuu: mara zote imedumu zaidi ya muda wa saa nne, na simu ya Mama ikaendelea kulia. Stima inayopotea usiku kucha itaishinda, kwa hiyo natafuta betri kubwa ya kuunganisha na sola iliyopo hapo juu ya jikoni.

Kama pesa yako inatosha kitu kimoja tu, na simu uliyonayo tayari ina kitufe, nunua UPS kabla ya kufikiria simu mpya. Nasema hivyo kwa moyo wote.

Juzi usiku stima ilipotea tena. Nilimpigia saa nne usiku. Alipokea mlio wa pili, akaniambia yuko kitandani, ameshalala, na kama hakuna neno nimwache. Kikapu bado kiko pale msumarini. Ameweka vitunguu.