Kabati kuukuu lipakwe rangi ipi? Nilivyozipanga, kuanzia ya kwanza hadi ya mkiani

Kabati la kwanza nililopaka nilitumia rangi ya ukuta iliyobaki kwenye ndoo, kwa kuwa ilikuwa ya bure. Siku tatu lilipendeza. Ya nne nikavuta mlango, ukatoa mlio wa gundi inayobanduka, na utando wa rangi ukabaki umeng'ang'ania fremu. Rangi ya ukuta hubaki laini hata ikikauka, na pande mbili zilizopakwa zikigusana kwa muda hugandana. Nikarudi kwenye msasa, na ule ubure ukaishia hapo. Kwangu iko mkiani, labda kwa fremu ya picha tu.

Nafasi ya kwanza naipa rangi ya akriliki ya mbao na chuma. Kama ya ukutani, brashi yake huoshwa kwa maji, ndiyo maana wauzaji wengine huiita tu "rangi ya maji" na mnunuzi akaondoka na kopo la ukutani. Soma lebo: lazima itaje mbao, milango au fanicha. Harufu yake si kali, nyeupe yake haigeuki manjano, na mkono wa pili, yaani tabaka la pili, hupakwa baada ya saa chache. Kasoro yake ni kukudanganya. Ukiigusa leo utadhani imekauka, kumbe huchukua wiki mbili hadi nne kufikia ugumu wake kamili. Ukiwahi kuweka vitu vizito, vinaacha alama.

Rangi ya mafuta inaifuata kwa karibu, na kwa uso wa meza ya kulia au stuli ya jikoni ningeitanguliza. Ni ngumu, inang'aa, na alama za brashi hujilainisha zenyewe. Ila mkono wa pili husubiri hadi kesho yake, harufu hujaa nyumba nzima, na brashi haioshwi bila tapentaini au thina, ambazo nazo ni gharama. Nyeupe yake hugeuka manjano kadiri siku zinavyokwenda, hasa mahali pasipofika mwanga. Vitambaa vilivyolowa rangi hii usivikunje ukavitupa kwenye pipa: vikikauka hutoa joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje.

Ya tatu ni rangi ya chaki. Mwingereza Annie Sloan ndiye aliyeitoa yake mwaka 1990, na wengi wamefuata. Sifa yake kubwa ni kushika bila kusugua sana, nayo ina sura tulivu isiyong'aa. Tatizo ni kwamba peke yake hunyonya madoa, hivyo unanunua pia nta au vanishi. Ukijumlisha, unafuu haupo.

Rangi ya kupuliza naiweka ya nne kwa sababu moja tu: kopo dogo huisha haraka, kwa hiyo kabati zima litakumalizia pesa. Lakini kwa vishikio vya droo, miguu ya chuma au kiti cha matete, ambako brashi haipenyi, hakuna inayoishinda. Puliza ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, tabaka nyembamba nyembamba, tena nje.

Kabla ya kulipa, piga hesabu. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Kabati la urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha nusu mita, mbele, pembeni na juu, ni mita za mraba 4.5. Mikono miwili ni 9. Lita moja inatosha, kwa hiyo usikubali kuuziwa lita nne eti ndiyo nafuu.

Akiba hiyo ipeleke kwenye praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia. Samani za ubao uliofunikwa melamini (utando mgumu wa plastiki) zinahitaji praima ya nyuso laini, la sivyo rangi yoyote itabanduka kwa ukucha. Mbao nyekundu kama mahogani na zenye vifundo hutoa madoa ya hudhurungi yanayopenya rangi nyeupe, kwa hiyo tafuta ya kuzuia madoa. Msasa ni namba 120 kwa kuanzia na 220 kwa kulainisha kati ya mikono.

Hujui rangi ya zamani ni ya aina gani? Sugua pembeni kwa pamba yenye spiriti. Ikitoka kwenye pamba, ni ya maji. Isipotoka, huenda ni ya mafuta, na hiyo isuguliwe msasa kabla ya praima. Samani ya miongo mingi iliyopita inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani ya rangi yake. Hiyo usiisugue ikiwa kavu, na watoto wasiwe karibu.